Kabla hujaruka, tafuta mguu unapotua

Nilivunjika mkono nikiwa na miaka 19 kwa sababu ya kipande cha video cha sekunde 8. Stelingi anaukimbilia ukuta, anaukanyaga kwa mguu mmoja, anapiga samasoti, kisha tunamwona amesimama wima akimkodolea macho adui yake. Nilikitazama wiki nzima. Nilijua bega linainama vipi na mguu upi unatangulia. Siku nilipojaribu, mwili ulipanda vizuri kuliko nilivyotegemea. Nilipofika juu ndipo nikatambua kuwa sijui kinachofuata. Nikanyoosha mkono wa kushoto kuipokea sakafu, mfupa ukakatika juu kidogo ya kifundo.

Mkono ulipopona nilikirudia kile kipande fremu moja moja, yaani zile picha moja moja zinazounda video. Nikaona jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Anapouacha ukuta, mkono wa shati lake umekunjwa hadi kwenye kiwiko. Anaposimama, umeshuka hadi kwenye kifundo. Katikati hakuna kitu. Kutua kwake hakumo. Nilikuwa nimejifunza kwa bidii mruko usio na mwisho, na huenda uliruka mtu mmoja akasimama mwingine.

Kwa hiyo nakuambia ninachowaambia wadogo zangu ninaofanya nao mazoezi: ukiupenda mruko, anza kuutazama kutoka mwisho. Simamisha video, irudishe taratibu, tafuta mguu unapogusa chini. Mwili ukianguka kutoka urefu wa mita 1.2 hukaa hewani karibu nusu sekunde. Filamu nyingi huenda fremu 24 kwa sekunde, maana yake unazo fremu kama 12 za kuchungulia. Je, goti linakunjwa? Anajiviringisha ili kasi iishe? Kama picha imekatwa kabla ya hapo, bado hujauona mruko, umeona nusu yake tu.

Kukata si udanganyifu, na siwalaumu wahariri. Kule kukata ndiko kunakoruhusu godoro liwekwe chini, aitwe mtu aliyefunzwa kuanguka, na mwigizaji afungwe waya utakaofutwa baadaye kwa kompyuta. Hata kasi huchezewa: rekodi fremu 20 kwa sekunde, onyesha kwa 24, na ngumi itakwenda mbio kuliko ilivyorushwa. Shida inaanza kipande kinapochomolewa kwenye filamu na kufika kwenye simu yako peke yake, kikijirudia, na kabla mguu haujagusa chini kimeshaanza upya.

Ukitaka kuuona mwili mzima, mtafute Buster Keaton, mchekeshaji wa filamu za kimya, katika Steamboat Bill, Jr. ya mwaka 1928. Ukuta wa mbele wa nyumba unamwangukia, na nafasi ya dirisha moja inampita mwilini na kumwacha amesimama. Kamera iko mbali, miguu yake inaonekana, na hakuna pa kujificha. Huyu alikulia jukwaani, akirushwa na baba yake mbele ya watazamaji tangu mtoto mdogo. Na bado mwaka 1924, akitengeneza Sherlock Jr., maji ya tangi la reli yalimwangusha akavunjika shingo, asijue mpaka miaka mingi baadaye alipopigwa eksirei. Mwigizaji Tom Cruise naye mwaka 2017, jijini London, akirekodi Mission: Impossible – Fallout, aliruka kutoka jengo hadi jengo akiwa amefungwa waya, akavunjika kifundo cha mguu. Shoti ile imebaki ndani ya filamu. Itazame, utamwona anavyoinuka na kuchechemea.

Nikusihi pia kuhusu vifua na matumbo unayoyaona. Waigizaji Hugh Jackman na Henry Cavill wameeleza hadharani kwamba kabla ya kurekodiwa wakiwa kifua wazi walijinyima maji ili misuli ichomoze. Mwili ule ulitayarishwa kwa siku ile moja. Simu ndiyo inayokuonyesha kila asubuhi kana kwamba mtu anaishi hivyo. Tafadhali usijinyime maji. Kunaumiza figo, na kunaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Kama bado unataka kuruka, na mimi ningefurahi uruke, tafuta mwalimu akufundishe kuanguka kwanza. Kwenye judo mwanafunzi huanguka mara nyingi sana kabla hajaruhusiwa kumwangusha mwenzake. Anza ukiwa umechuchumaa juu ya mkeka. Kidevu kikae kifuani, mgongo uwe mviringo. Mkono uupige mkeka ukiwa umelala kando ya mwili, kiganja chini. Usiunyooshe kuipokea sakafu. Hilo la mwisho nalisema kila siku, mpaka wadogo zangu wanalimalizia kabla yangu. Ukiweza hilo bila kuwaza, simama, uanze kutoka urefu wa goti.

Siku hizi nikijirekodi naiacha kamera iendelee sekunde kadhaa baada ya kutua, hata pale ninapokosea. Juzi kijana mmoja aliniandikia kuuliza kwa nini mwishoni mwa video nashika paja. Nilimjibu kwamba nilitua na mguu mmoja mbele, paja likavuta, na nikapumzika siku 5. Akaniuliza kama anaweza kunitumia yake. Alipoituma nilikuta amekata palepale anapotua, nikamwomba arekodi tena, kamera aisogeze nyuma mpaka viatu vionekane.