Hakupasuliwa, mbona bili ni ya mtu aliyepasuliwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mkulima, naishi wilaya ya Kongwa. Mwishoni mwa mwezi wa sita mdogo wangu wa miaka 27 alisikia maumivu wakati wa kukojoa, akaenda duka la dawa, akaambiwa ni UTI na kuuziwa septrini. Siku ya tisa akashikwa na homa, macho yakawa mekundu, midomo ikapasuka. Tukadhani ni surua, akaendelea kumeza vidonge. Siku ya kumi na mbili ngozi ya mgongo ikaanza kubanduka kama ya mtu aliyemwagiwa uji wa moto. Alilazwa siku 21 katika hospitali moja hapa mkoani. Tunamshukuru Mungu amepona, ila bili ilifika shilingi 1,870,000. Tumeuza ng'ombe wawili na alizeti yote tuliyokuwa tukiisubirishia bei, na bado tunadaiwa 600,000. Hakupasuliwa wala hakuongezewa damu. Ni dawa gani ya ngozi inayogharimu hivyo? Tumeibiwa? Na je, tungempeleka Dar ingekuwa nafuu?

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Nianze na neno ulilotumia mwenyewe, "dawa ya ngozi". Kwenye bili ya mdogo wako, dawa ya ngozi yenyewe labda ndiyo mstari mdogo kuliko yote. Ugonjwa uliomshika, kwa ulivyoueleza, ni ule wa mwili kuikataa dawa hadi ngozi ikafa na kuachia. Madaktari huuita Stevens-Johnson ngozi iliyobanduka inapokuwa chini ya asilimia 10 ya mwili, na ikizidi asilimia 30 huuita kwa jina jingine refu zaidi, nao ni wa hatari kubwa: katika kundi hilo la pili, kati ya wagonjwa 10 watatu hivi hufariki, hata penye huduma nzuri. Ukitaka kukadiria mwenyewe, kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake ni kama asilimia moja ya ngozi yake. Mgongo mzima, kifua na tumbo vikienda, hesabu imeshavuka 30.

Hakuna kidonge wala sindano inayorudisha ngozi hiyo. Inaota yenyewe kwa wiki mbili tatu. Kazi ya hospitali katika muda huo ni kuzifanya kazi za ngozi iliyoondoka: kuzuia maji yasipotee, kutunza joto, kuzuia vijidudu visiingie. Kazi hizo tatu ndizo ulizozilipia.

Chukua maji peke yake. Kianzio tunachotumia kwa saa 24 za mwanzo ni mililita 2 kwa kila kilo ya uzito kwa kila asilimia ya ngozi iliyobanduka. Mtu wa kilo 60 aliyebanduka asilimia 30 anahitaji mililita 3,600, yaani chupa saba za dripu za nusu lita na kidogo juu. (Aliyeungua moto kwa kiasi hichohicho angehitaji karibu mara mbili, kwa hiyo mtu asikubabaishe kwamba ni kitu kilekile.) Baada ya hapo mkojo ndio unaoongoza: kwa uzito huo tunataka mililita 30 hadi 60 kila saa, ndiyo maana alivalishwa mpira wa mkojo na mtu akawa anapima usiku kucha. Damu nayo hupimwa mara kwa mara, chumvi, figo, ini, kwa sababu maji yanayotoka kwenye vidonda yanaondoka na chumvi na protini. Siku 21 zenye vipimo hivyo, hata kama kila kimoja ni bei ndogo, zinajumlishana haraka.

Joto ni habari nyingine, na hapa Dodoma tunalijua. Mgonjwa aliyebanduka anatakiwa chumba chenye joto la nyuzi 28 hivi au zaidi. Wewe unaniambia alilazwa mwezi wa saba, wakati wa upepo na baridi yetu ile ya usiku. Mwili usio na ngozi unachoma chakula chote kutafuta joto, na asiposhiba, ngozi mpya haioti. Ndiyo maana waliwaambia mlete maziwa, mayai na uji mzito, au wakampitishia mpira puani kama mdomo ulikuwa kidonda kitupu. Fedha hiyo haimo kwenye bili yenu, wala nauli za Kongwa na Dodoma, wala siku za shamba za ndugu aliyekuwa akilala chini ya kitanda. Ukiijumlisha, usishangae ikikaribia nusu ya ile mnayoililia.

Halafu gozi, vile vitambaa vya kufunika vidonda ili vijidudu visiingie. Hizi hazishiki ngozi mbichi zinapokuwa za vaselini, na hubadilishwa kwa zamu, wauguzi wawili au watatu, saa nzima au zaidi, mgonjwa akiwa amepewa dawa kali ya maumivu. Kwa uzoefu wangu, ukitoa gharama ya kitanda, gozi, glavu na dripu ndizo zinazopandisha bili ya mgonjwa wa aina hii kuliko dawa. India wamewahi kutumia majani ya mgomba yaliyochemshwa badala ya gozi za dukani, na yanafanya kazi, kwa kuwa hayang'ang'anii kidonda. Nimeshawahi kutamani sana kufanya hivyo wodini, lakini migomba ya Dodoma unaijua mwenyewe. Na tafadhali, nyumbani usijaribu.

Kuhusu kuibiwa: siwezi kusema ndiyo wala hapana bila kuona karatasi. Una haki ya kuomba mchanganuo wa bili, mstari kwa mstari na tarehe kwa tarehe. Angalia vitu viwili. Kwanza, vile mlivyonunua wenyewe famasi ya nje kwa sababu hospitalini viliisha. Visiwemo tena kwenye bili. Pili, angalia kama kuna dawa ya bei kubwa isiyoelezeka. Kuna protini za kinga za damu, imunoglobulini, ambazo baadhi ya familia hushauriwa kuzitafuta kwa udi na uvumba. Ushahidi kwamba zikitumiwa peke yake zinaokoa maisha katika ugonjwa huu ni dhaifu, na mimi simshauri mtu auze shamba kwa ajili yake. Malipo yenyewe yawe kwa namba ya malipo ya serikali na risiti, kama ni hospitali ya serikali. Fedha iliyopita mkononi mwa mtu huwezi kuidai kokote.

Hilo deni la 600,000, nenda nalo kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ukiwa na barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza hali ya kaya. Utaratibu wa misamaha upo tangu serikali ilipoanza kuwachangisha wagonjwa mwaka 1993: watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na yeyote ambaye kwa tathmini anaonekana hawezi kulipa. Shida ni kwamba watu huenda ustawi siku ya kuruhusiwa, wakati ng'ombe wameshauzwa. Mwendeeni siku ya kwanza ya kulazwa. Hata sasa, omba kulipa kidogokidogo kwa maandishi. Maofisa wengi hukubali kuliko mnavyodhani.

Na bima. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, iliyoanza mwaka 2018, ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita, na ilifika hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, mradi umeanzia zahanati na kupewa rufaa. Linganisha na ng'ombe wawili. Haikuvuka kwenda hospitali ya kanda kama Benjamin Mkapa wala Muhimbili, na hilo liliwaumiza wengi waliokuja kwangu wakidhani kadi inafika popote. Kwa vile sheria ya bima ya afya kwa wote ya mwaka 2023 inapanga mambo upya, muulize mtendaji wako au zahanati ya kata kaya yako iandikishwe wapi kwa sasa, na ufanye hivyo kabla ya mavuno kuisha mfukoni.

Sasa Dar. Hapana. Mtu aliyebanduka mgongo kulalia kiti cha gari kilomita 450 hivi, dripu ikiyumba, ni kumwongezea vidonda na baridi. Kuhamishwa kunafaa kukifanyika mapema, kwa gari la wagonjwa, hospitali mbili zikiwa zimeshazungumza. Isitoshe, mikoani wapo matabibu wa ngozi waliosomea Moshi, katika kituo cha mafunzo cha hospitali ya KCMC kilichoanza mwaka 1992, nao ugonjwa huu wanaujua. Kwa bili, bei ya kitanda Dar haingepungua, na chakula cha muuguzaji kingewamaliza.

Penye nafuu ya kweli ni kabla ya hospitali. Siku ya tisa, macho yalipokuwa mekundu na midomo ikipasuka, septrini ilitakiwa isimamishwe papo hapo. Kila siku ya kuendelea kumeza inaongeza hatari, na ngozi inayobanduka zaidi ndiyo inayoongeza siku za kitanda. Nasema hivi bila kuwalaumu. Surua, malaria na kurogwa ndizo fikra za kwanza za kila kaya. Lakini weka akilini: homa na vidonda vya mdomo na macho kati ya siku ya 4 na ya 28 tangu mtu aanze dawa mpya, hasa septrini, dawa za kifafa kama kabamazepini, fenitoini na fenobabito, au ya gauti iitwayo alopurinoli, ni za kupeleka kituoni siku hiyohiyo, pakiti ikiwa mkononi. Watu wa rika langu wanakumbuka Fansida, iliyokuwa dawa ya malaria ya chaguo la kwanza kuanzia 2001 hadi mseto ulipochukua nafasi yake mwishoni mwa 2006. Wengi waliiogopa kwa sababu ya kubabua ngozi. Ndani yake mna salfa, kama ilivyo ndani ya septrini.

Kwa hiyo mdogo wako asimeze tena septrini, Fansida wala dawa yoyote ya jamii hiyo, maisha yake yote. Hata ile krimu nyeupe ya kupaka majeraha ya moto ina salfa. Iandikwe kwenye kadi yake ya kliniki kwa wino unaoonekana, na mwombe tabibu ajaze fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ya kuripoti madhara ya dawa, kama haikujazwa. Haina malipo.

Usilinganishe bili yake na ya jirani mwenye ugonjwa mwingine wa ngozi. Mwenye ukoma hutibiwa bure kwa miezi 6 au 12. Mwenye pemfigasi, ule wa malengelenge yasiyokoma, bili yake ya mwezi ni ndogo, ila analipa kwa miaka, na presha na sukari zinazoletwa na vidonge vyake zina bili zao.

Kitu kimoja msikibane hata kama mna deni ni macho. Ugonjwa huu huacha makovu ndani ya kope, yanayokwaruza kioo cha jicho taratibu, na mtu aliyepona ngozi anaweza kupofuka miezi kadhaa baadaye. Matone ya kulainisha aendelee nayo, na aonwe na daktari wa macho hata kama anasema anaona vizuri. Akianza kulalamika kwamba mwanga unamchoma au kope zinanata asubuhi, mlete siku hiyohiyo, msisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.