Maji kwanza, wali baadaye

Mwanangu Neema,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma alfajiri nikitoka kukamua. Unasema Popi, huyo mtoto wa mbwa wa wiki 10 uliyeletewa Jumamosi, anaharisha tangu jana jioni, nawe unauliza umnyime chakula mpaka tumbo litulie au umpe maziwa apate nguvu.

Maziwa hapana. Mbwa wengi wakishaacha kunyonya, sukari ya maziwa inawasumbua, na anayeharisha atazidi. Wala usimshindishe njaa. Mbwa mkubwa anaweza kukaa kutwa bila kula asidhurike, lakini mtoto hana akiba. Sukari ya damu hushuka upesi, akalegea, akatetemeka, hata akazimia.

Kabla ya chakula, mwangalie yeye mwenyewe. Mwinue mdomo uone ufizi. Ukiwa wa waridi na una unyevu, vizuri. Ubonyeze kwa kidole mpaka pawe peupe, uachie: rangi irudi kabla hujahesabu mbili. Umepauka, au umekauka unanata kidoleni? Acha kusoma barua hii, mbebe umpeleke kwa daktari wa mifugo.

Kama yu mchangamfu na hatapiki, maji safi yakae karibu naye muda wote. Akitapika, mpe kijiko kimoja kila baada ya dakika chache, maana akinywa kwa pupa atayarudisha yote. Asipotaka, usimmiminie kwa nguvu, yasije yakaingia mapafuni. Yakikaa tumboni, mpikie wali laini na kuku wa kuchemsha asiye na ngozi wala mfupa. Usitie chumvi, mafuta wala kitunguu. Kitunguu maji na saumu vyote viwili huharibu damu ya mbwa. Mpe kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku, na akitulia umrudishie chakula chake polepole. Waulize waliokuletea alikuwa akila nini. Kama alizoea uji wa dona na dagaa nawe ukambadilishia siku hiyo hiyo, huenda chanzo ni hicho.

Uliza na dawa ya minyoo. Watoto wa mbwa huzaliwa na minyoo au huipata kwenye maziwa ya mama yao, ndiyo maana hupewa dawa mapema na kurudiwa kila wiki mbili. Dawa hiyo hupimwa kwa uzito wake, ukainunue kwenye duka la mifugo. Dawa zako za kabatini, panadoli na diklofenaki, usizimguse nazo kabisa.

Sasa jambo lililonifanya niandike barua badala ya kukujibu kwa mistari miwili. Unamkumbuka mbwa wako Simba? Ulipokuwa bweni tulikuambia alipotea. Hakupotea, mwanangu. Alianza kutapika jioni, nikasema tutaona asubuhi. Asubuhi alikuwa akiharisha damu yenye harufu kali, hawezi kusimama. Daktari alisema ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, na kwamba angewekewa maji ya mshipani tangu jana yake pengine angepona. Chanjo sikuwa nimempa. Uliniachia nimtunze, na sikuweza kukuandikia hivyo ukiwa kwenye mitihani. Kisha miaka ikapita. Nisamehe.

Parvo hupenda watoto wa umri wa Popi hasa, na virusi vyake hukaa udongoni miezi mingi. Ndiyo sababu baba yako alikataa tulete mbwa mwingine mwaka ule. Kwa hiyo akitapika mfululizo, ukiona damu, akikataa maji au akijilaza kama mgonjwa, usingoje kukuche. Mtafute daktari usiku huo huo, na umwambie ana chanjo ngapi. Sindano moja haitoshi: huanza wiki ya 6 hadi ya 8, ikarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Mpaka hapo asitoke kwenda wanakopita mbwa wengine.

Kinyesi kizoe mara moja, osha sakafu kwa sabuni, kisha pitisha jiki, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, ikae dakika 10. Nawa mikono vizuri, na mtoto wa mwenye nyumba asichezee hapo, maana minyoo ile huwaingia na watu.

Mtazame ufizi sasa hivi, kisha unipigie. Nakwenda kupalilia, lakini simu nimeifunga kwenye ncha ya kanga.

Mama