Muulize Fundi Bodi: Hili bati ni la wapi?

Shikamoo Fundi. Marehemu baba aliacha Ford Model A ya milango minne ikiwa imefumuliwa yote. Chasisi na injini vipo mahali pake. Vilivyobaki vimo kwenye masanduku, na vingine vimeegemezwa ukutani, mabati kama arobaini hivi, hakuna hata moja lenye alama. Milango na madigadi nazitambua, basi. Kuna dude moja zito, lina tumbo ndani na shimo la mfuniko juu, silijui kabisa. Madigadi moja ya mbele ina bonde kubwa kama beseni, nadhani iligongwa. Kuna pia mabati mawili marefu membamba, kama ya mfereji wa paa. Mwaka wa gari siujui. Nianzie wapi?
*Mrithi*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba. Naanza na hilo dude zito kwa sababu ndilo linaloweza kukuumiza. Usilisogezee moto wala mashine ya kuchomelea. Hilo ni tangi la mafuta. Kwenye Model A tangi lilikaa mbele ya kioo, na mgongo wake ndio bodi yenyewe unayoiona kati ya boneti na kioo. Petroli ilishuka hadi kwenye kabureta kwa uzito wake, pampu haikuwapo. Kwa hiyo umeshika vitu viwili kwa pamoja, tangi na bega la gari. Tangi lililokaa kavu miaka mingi bado linaweza kulipuka likipata cheche. Lipeleke kwa anayejua kuosha matangi kabla hujafikiria kuliziba hata tundu la sindano.

Madigadi yenye bonde haikugongwa. Humo ndimo linamokaa tairi la akiba, na kwenye Model A mara nyingi ni upande wa kushoto peke yake, kwa hiyo usishangae mwenzake kuwa mzima. Nakuomba usimruhusu mtu yeyote ainyooshe. Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe, nikiwa mwanafunzi wa karakana, niliikuta kama hiyo nikashika nyundo kwa furaha ya kumwonyesha mwalimu wangu kwamba naweza kazi. Nilishapiga tatu alipoingia. Hakunigombeza. Aliniletea tairi, akaniambia niliweke.

Yale mabati mawili marefu hufunika chasisi kati ya bodi na ubao wa kukanyagia, moja kila upande. Watu wengi huyatupa, maana yakiwa chini sakafuni hayafanani na kitu chochote cha gari. Wewe unayo yote mawili, yatunze.

Sasa hayo mengine. Kwanza usioshe kitu, usipige msasa, usipange kwa kufananisha fananisha. Uchafu ulio nyuma ya bati ni ushahidi. Bati lenye matope makavu na alama za kokoto lilikuwa juu ya gurudumu. Lenye masizi laini ya mafuta lilikuwa karibu na injini. Ukikuta gundi ya zamani au mabaki ya kitambaa, basi lilitazama ndani, kwa abiria. Piga picha pande zote mbili, halafu funga kibandiko kwa waya kwenye tundu mojawapo. Chaki inafutika. Na kushoto ni kushoto kwa mtu aliyekaa kwenye kiti akitazama mbele. Nimeona vibandiko vilivyoandikwa na mtu aliyesimama mbele ya gari akiitazama taa, na gari zima likageuka kinyumenyume.

Baada ya hapo, soma matundu. Umbo hudanganya, hasa bati likiwa limepinda, lakini tundu lilitobolewa kwa sababu. Tundu la mraba linasubiri boliti yenye shingo ya mraba, ile isiyozunguka ukikaza nati upande wa pili. Tundu refu kama punje ya mpunga lipo ili fundi asogeze bati kabla ya kukaza, kwa hiyo hapo pana kitu kinachohitaji kupangwa na jirani yake, kama mlango au madigadi. Safu ya vitundu vidogo sana ni ya urembo au ya kitambaa. Tundu la kiwandani lilitobolewa kwa kupigwa, na ukingo wake upande mmoja umelalia ndani kidogo. Ukipitisha kidole ukakuta ncha za kukwaruza pande zote, hilo limetobolewa kwa drili na mtu wa baadaye, lisikusumbue. Tena tundu la kiwandani huwa na pacha wake kwenye bati la upande wa pili wa gari. La mtu wa baadaye mara nyingi liko peke yake, limekaa ovyo.

Kingo nazo zinasema. Ukingo uliokunjwa ukawa mviringo, pengine na waya ndani yake, ni wa nje, unaoonekana na kushikwa na mikono. Ukingo bapa wenye matundu unafichwa na bati jingine. Boneti yako imo katika vipande vinne, viwili vya juu na viwili vya ubavuni, na vya ubavuni vina matundu ya kupumua yaliyochanwa kama mapezi ya samaki. Midomo ya mapezi hayo hutazama nyuma. Hapo kushoto na kulia utavijua bila kuuliza mtu.

Kuna jambo moja nililipenda kuliko yote katika kazi hii, nalo ni rangi. Chagua sehemu iliyofichika, ndogo kama sarafu, uisugue taratibu kwa msasa wa maji mpaka ufike kwenye bati. Utaona pete, kila rangi na pete yake, ya zamani kabisa ikiwa katikati. Mabati yaliyozeeka kwenye gari moja yana pete zinazofanana kwa mpangilio. Likitokea moja lenye pete za kigeni, huyo ni mgeni, baba yako alilipata kwingine. Kumbuka kwamba kwenye Model A madigadi ziliachwa nyeusi hata bodi ilipopakwa rangi nyingine, na hayo mabati marefu vilevile. Kwa hiyo pete ya katikati ikiwa nyeusi kwenye madigadi na ya rangi nyingine kwenye mlango, usiseme ni magari mawili. Vaa barakoa na usugue kwa maji, rangi za enzi hizo zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu.

Kuhusu mwaka: Model A ilitoka mwishoni mwa 1927 ikaendelea hadi 1931, nayo imegawanyika mara mbili. Ya 1928 na 1929 ina rimu za inchi 21. Ya 1930 na 1931 ina rimu za inchi 19, madigadi pana zaidi, na fremu ya rejeta ndefu zaidi ya chuma kisichoshika kutu, wakati ile ya mwanzo ilipakwa nikeli, yenye umanjano kidogo ukiilinganisha na kromu. Usiamini rimu peke yake, hubadilishwa. Namba iliyogongwa kwenye injini iligongwa pia juu ya chasisi upande wa kushoto, mahali panapofunikwa na bodi. Wenye magari mazima hawaioni. Wewe bodi imeshavuliwa, una bahati kuliko wao wote. Namba mbili zikilingana, huenda injini haijawahi kubadilishwa.

Ukihitaji kununua mlango, tafuta kwanza kibati cha mtengeneza bodi. Bodi za milango minne Ford hawakuzitengeneza zote wenyewe, nyingi zilitoka kwenye viwanda vya Briggs na Murray, na ukiziweka pamoja utadhani ni mapacha. Mlango wa Briggs kwenye bodi ya Murray utakufanya ulie.

Na uangalie majina kwenye orodha za spea. Madigadi kwa Mmarekani ni *fender*, kwa Mwingereza ni *wing*, yaani bawa. Mbaya kuliko yote ni *hood*. Mmarekani akiandika hivyo anataka kukuuzia boneti, Mwingereza anataka kukuuzia turubai la paa. Kizingiti cha chini ya mlango ni *rocker panel* kwa mmoja na *sill* kwa mwingine. Ford yako ni ya Marekani, lakini muuzaji anaweza kuwa popote, basi omba picha ya nyuma ya bati kila mara, yenye matundu yote.

Fundi, salaam. Nina Volkswagen Beetle ya 1965. Boneti ilioza, nikanunua nyingine. Kwenye bawaba imeingia bila shida, boliti zote zimekaa, ila chini inaacha pengo. Anayeninyooshea gari anasema bodi imepinda, anataka kukata bati la mbele.
*Mwenye Pengo*

Mwambie aweke grainda chini. Hapa matundu niliyoyasifu hapo juu yamekudanganya, nakubali. Kuanzia Agosti 1967 Beetle ilipewa bampa zilizoinuka, na boneti ikafupishwa upande wa chini. Umenunua boneti fupi, gari lako linataka ndefu. Kama ile iliyooza hujaitupa, zilaze zote mbili chini, vuta uzi kutoka tundu la bawaba hadi ncha ya chini, utaona tofauti. Bodi yako haina kosa. Rudisha, au ubadilishane na mwenye gari la baada ya hapo. Ukienda tena, chukua uzi wenye fundo kwenye kipimo chako. Pia usikubali boneti ya Beetle aina ya 1302 wala 1303, hizo zina umbo lao. Taa pia zingekuonya: madigadi za mbele za gari lako zina taa zilizolala kwa nyuma, na magari yenye boneti fupi taa zao zimesimama wima.

Mzee wangu, nimeuziwa mlango wa Land Rover Series II. Nimeuwekea sumaku, haishiki popote kwenye bati la nje. Nimeibiwa? Ni puti tupu, ule udongo wa kuziba mabonde?
*Mwenye Sumaku*

Hujaibiwa, ndugu yangu. Mabati ya nje ya Land Rover hizo ni ya aloi ya alumini iitwayo Birmabright, tangu ya kwanza ya 1948. Sumaku hushika chasisi na ule ukuta ulio kati ya injini na dereva, ambavyo ni vya chuma. Kama ingeng'ang'ania bati la nje la mlango, hapo ndipo ningekuambia uulize limetoka wapi. Puti itafute kwa kugonga na kifundo cha kidole, sauti yake ni ya kufa, na bati tupu hulia. Halafu chungulia ndani ya mlango, mahali alumini inapokutana na fremu ya chuma. Ukikuta unga mweupe, unyevu umeshaanza kuila, na hapo ndipo bei inapozungumzwa upya.