Je, Wadao wa Vietnam ni ndugu wa Wayao wetu?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni Myao niliyezaliwa Ngamiani, Tanga, mji ambao babu yangu aliufikia akitokea Tunduru kuja kukata mkonge. Nimesoma kwamba kuna watu wa kaskazini mwa Vietnam waitwao Wadao, na kwamba wenzao walio China huitwa Wayao. Je, hao ni ndugu zetu? Na je, nao wana jando?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Undugu haupo. Kiyao cha babu yako ni lugha ya Kibantu, jamaa wa Kimakonde na Kimakua, na wazee husimulia kuwa jina la Wayao lilitokana na kilima kilichoko kaskazini mwa Msumbiji. Wadao ni watu wa milimani waliohama kusini mwa China kwa mafungu, karne baada ya karne, na lugha yao iko katika ukoo mmoja na ile ya Wahmong. Isitoshe, huko kaskazini mwa Vietnam jina lao hutamkwa “zao”, hata Mswahili akilisikia atadhani zinatajwa mali za watu fulani. Sensa ya Vietnam ya mwaka 2019 iliwahesabu kuwa karibu 891,000, nao wamegawanyika katika makundi yanayotambulikana kwa mavazi: wapo wa vilemba vyekundu, wapo wa suruali nyeupe, na wapo ambao wanawake wao hushona sarafu kwenye nguo zao.

Swali lako la jando ndilo lililonifurahisha zaidi, kwa sababu hapo mfanano upo, ingawa si ule unaoutarajia. Wadao wana sherehe iitwayo cấp sắc, ambayo kila mwanamume hutakiwa kuipitia, na asiyeipitia huhesabiwa kuwa bado mtoto hata akiwa na mvi na wajukuu. Hakuna ngariba wala kisu. Mwali wao, kama nikiruhusiwa kumwita hivyo, huketi kimya mbele ya picha za miungu zilizotundikwa ukutani, huku wazee wa ibada wakimwekea taa ndogo zilizowashwa: katika daraja la kwanza taa ni 3, moja juu ya kichwa na mbili usawa wa mabega. Daraja la juu yake lina taa 7, na la juu kabisa lina 12. Kila daraja humpa askari wa kiroho wa kumlinda, 36 kwa taa 3 na 72 kwa taa 7, na kabla ya siku hizo hujizuia kula nyama na kukaribiana na mkewe, kama ameshaoa. Gharama yake si ndogo, maana nguruwe huchinjwa na wazee wa ibada hulishwa na kulipwa, kwa hiyo familia nyingine hungoja miaka ndipo wamwingize kijana wao.

Sasa sikiliza habari ya jina. Wewe ni Myao, bila shaka umesikia kwamba mvulana akitoka jandoni hupewa jina jipya, na anayemwita kwa lile la utotoni humvunjia heshima. Mdao naye hutoka na jina jipya, lakini lake si la kuitwa sokoni wala shambani. Ni jina ambalo mizimu ya ukoo itamtambua nalo atakapokufa, na ambalo wazao wake watalitaja wakati wa kumtambikia. Hati ya sherehe, iliyoandikwa kwa herufi za Kichina, huwa na nakala mbili: moja huchomwa ili ifike kwa wakubwa wa huko juu, na nyingine mwenyewe huitunza maisha yake yote, kisha huzikwa nayo.