Nimetafsiri jaribio la Loftus kwa Kiswahili, mbona halijibu?

SWALI: Shikamoo dokta. Nipo Tabora, nasoma saikolojia mwaka wa 3, project yangu ni kumbukumbu ya shahidi. Nimetafsiri maswali ya ajali ya Loftus, yule mwanasaikolojia wa Marekani aliyeonyesha kwamba ukibadilisha kitenzi tu kwenye swali la spidi ya magari yaliyogongana, mashahidi wanataja spidi tofauti. Nikawaonyesha klipu watu 12 hapa chuoni, makundi 5, kila kundi na kitenzi chake. Spidi walizotaja zinafanana tu. Supavaiza anasema basi huku kwetu hiyo kitu haipo. Nibadilishe mada?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usibadilishe, mada ni nzuri sana na inahitajika, badilisha fomu.

Anza na idadi. Loftus na Palmer mwaka 1974 walikuwa na wanafunzi 45 kwa vitenzi 5, yaani 9 kila kitenzi, wewe una wawili watatu kwa kundi, hapo mmoja akiwa ameshaendesha boda na mwenzake hajawahi hata kuangalia spidi mita basi data yote inayumba. Wao kitenzi kikali kabisa kilileta wastani wa kama km 66 kwa saa, kile laini kama km 51, na klipu zilikuwa zilezile. Chukua vitenzi 2 tu, watu wote uwagawe kwenye hivyo 2, kwa kura.

Ila tatizo kubwa naona ni tafsiri. Vile vitenzi vyao ukiviingiza kwenye kamusi karibu vyote vinakurudisha "kugongana", sasa hapo umewauliza watu swali lilelile mara nne afu unashangaa majibu yanafanana! Acha kamusi, nenda stendi, kaa na madereva wa bajaji uwasikilize wanavyosimulia ajali. Utasikia yalikwaruzana, yaligusana, yaligongana, yalivaana. Waombe watu kama 20 hivi ambao hawatashiriki wakupangie hayo maneno kuanzia laini mpaka kali, afu chukua la mwanzo na la mwisho. "Yalikwaruzana" na "yalivaana" mtu wa hapa hahitaji kuelezwa tofauti yake.

Kuna kitu kingine ambacho mimi kinanisisimua zaidi. Mwaka 1975 Loftus na Zanni waliuliza kuhusu taa iliyovunjika kwa namna mbili, moja inayochukulia kwamba taa hiyo ipo, nyingine isiyochukulia, na ile ya kwanza ikafanya watu wengi zaidi waseme wameona kitu ambacho hakikuwepo. Kiingereza kinafanya hiyo kazi kwa kineno kidogo mbele ya nomino ("the" badala ya "a"), sisi hatuna, kwa hiyo wanafunzi wengi wanaliruka hili jaribio. Lakini sisi tunayo ndani ya kitenzi! Linganisha "Uliona taa iliyovunjika?" na "Uliiona taa iliyovunjika?" Hiyo -i- moja inamwambia shahidi taa ipo, inajulikana, kilichobaki ni yeye kuiona au kutoiona. Pima hilo. Angalizo tu, tumia vitu, usitumie watu, maana "ulimwona mtu" hiyo -m- ni lazima iwepo, haitakupa tofauti yoyote.

Na mwambie supavaiza kwa heshima kwamba hili linagusa mahakama zetu moja kwa moja. Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Waziri Amani, 1980, ilisema utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu, usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uondolewe, ikataja umbali, mwanga, muda shahidi aliomwona mtuhumiwa, kama alimfahamu kabla. Hayo yote ni ya wakati wa tukio. Swali aliloulizwa shahidi baadae ni jambo jingine kabisa, na hapa kwetu saa ingine linaulizwa kwa Kiswahili kwa bibi anayekumbuka kwa Kinyamwezi, mtu wa katikati anatafsiri, na hiyo -i- inaingia au inatoka hapo katikati bila mtu yeyote kuiona.

Kwenye kukusanya data, anayeuliza asijue unatafuta nini, swali la taa lifiche katikati ya maswali kama 10, na wakishaangalia klipu wasiachwe wakae chini ya mwembe wanapiga stori za walichokiona, maana watarudi na kumbukumbu moja ya kundi zima.

Usitumie ajali ya kweli kutoka kwenye magrupu ya WhatsApp, nakuomba sana. Igiza na guta na baiskeli, taratibu, uwanjani. Hapa kila darasa lina mtu aliyezika ndugu kwa ajali ya barabarani, kwa hiyo kabla ya fomu ya ridhaa waambie wazi kuna klipu ya ajali na anayetaka kutoka atoke bila kuulizwa sababu. Wakimaliza waambie kwamba hakukuwa na taa yoyote iliyovunjika, ni swali lako ndo liliiweka.