Maswali ya Wasomaji: "Nimewekwa mstari wa wageni"

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Mwanza. Mama yangu ni Mkerewe wa Nansio, na likizo zangu nyingi nimezimaliza kwa bibi nikianika dagaa. Baba yangu ana asili ya Kihindi. Babu yake alikuja huku kwa biashara ya pamba. Mwaka jana, katika usiku wa tamaduni, kamati ilitupanga mistari kwa makabila, nami nikabandikwa kifuani karatasi iliyoandikwa "WAGENI". Nilisimama kati ya mwenzangu wa Rwanda na mwingine wa Malawi, nikiwa na sari ya kuazima ambayo sikujua hata kuifunga. Nilipolalamika niliambiwa kuwa ni utani tu, chotara asikasirike. Mwaka huu wamenialika tena. Je, nisusie?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Usisusie, ila usiende kabla hamjazungumza.

Nianze na hilo neno utani, kwa sababu wamelitumia vibaya. Utani una masharti: hutolewa na hurudishwa, na nyuma yake kuna wajibu. Wasukuma na Wanyamwezi walipata watani wengi katika safari za misafara ya kwenda pwani, na mtani aliyekukejeli jana ndiye anayefika msibani kwenu leo, akashughulika na mazishi na kumwigiza marehemu mpaka wafiwa wakacheka katikati ya kilio. Je, yupo mjumbe wa kamati ambaye angevuka maji hadi Nansio kukuzikia bibi yako? Kama hayupo, alichokufanyia ni kebehi, na una haki ya kumwambia hivyo bila kupandisha sauti.

Kuhusu mistari yenyewe, sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza Watanzania makabila yao. Tangu hapo karani wa serikali haulizi, lakini kamati yenu inauliza, tena kwa gundi. Na hao waliosimama mstari wa mbele kwa wingi wao, Wasukuma, jina lao maana yake ni watu wa kaskazini, jina walilopewa na jirani zao wa kusini kwa kutazama upande waliko. Walipachikwa jina, wakalifanya lao. Nawe huna sababu ya kulipokea la kwako kutoka kwa mtu mwenye karatasi na gundi mkononi.

Nawashauri pia wanakamati wafike Bujora, kule Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, ambako wataona kwamba kabila hilo moja lina vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilivyoshindana miaka mingi baada ya mavuno, kila kimoja kikijinasibu kwa mbinu zake na dawa zake. Mstari mmoja wenye vazi moja unawaficha hao wote. Bugobogobo, ambayo bila shaka itachezwa ukumbini, ni ngoma ya jembe: mchezaji hulirusha juu na kulidaka, na mkono usiowahi kulima hujulikana mara moja. Utamaduni unaonekana katika jambo ambalo mtu analijua kulifanya kuliko katika kitambaa alichovikwa jioni hiyo.

Kwa hiyo iandikie kamati mapema, kwa adabu, uombe mistari na vibandiko viondolewe na kila mshiriki ajitambulishe kwa kinywa chake. Wewe una jambo la kuonyesha. Omba meza, ulete dagaa wa kwa bibi, ueleze kwa nini wanaoanikwa kwenye kichanja hawana mchanga kama wale wanaotandazwa ufukweni, na kwa nini mvua ya ghafla inaweza kuharibu kazi ya usiku mzima. Mwite na yule mwenzako wa Malawi, maana naye alibandikwa karatasi ileile; kwao wana ziwa lao na samaki wadogo wa kuanika, usipa, na nadhani hamtamaliza kubishana ni wapi wanakaushwa vizuri zaidi.

Sari nayo, ukiitaka, ni yako pia. Lakini usiivae ya kuazima. Ina takriban mita 5 na nusu, haifungwi kwa kubahatisha. Nenda kwa shangazi yako wiki moja kabla, akufundishe kukunja yale marinda ya mbele na mahali pa kuchomeka pini.