Uoto, misitu au miti: kipi kimeongezeka Serengeti?

Swali: Niliandika katika habari yangu, "Picha za setilaiti zinaonyesha uoto wa Serengeti umeongezeka tangu miaka ya 1970." Mhariri akageuza ikawa "misitu ya Serengeti imeongezeka". Nani yuko sahihi?

Jibu: Kwa sarufi nyote mko sawa. Kwa maana, sikubaliani na mhariri wako. Msitu ni miti iliyosongamana, jua likifika chini kwa taabu. Kando ya mto Grumeti utauona. Kwingine kwingi Serengeti ni nyasi na migunga iliyoachana, na kuziita sehemu hizo msitu ni kumpotosha msomaji.

Lakini neno lako nalo halitoshi. Uoto ni chochote kiotacho, nyasi zikiwemo. Masika ikinyesha vizuri, uoto huongezeka katika wiki chache bila mti hata mmoja kuongezeka. Ndiyo maana wapimaji wanaofuatilia miti hupendelea picha za kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka na baadhi ya miti ingali na majani mabichi, wakilinganisha msimu uleule mwaka hadi mwaka.

Na habari yako ni ya miti hasa. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliowaua pia nyumbu, ilipodhibitiwa miaka ya 1960, nyumbu wa Serengeti waliongezeka kutoka kama robo milioni hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Walikula nyasi, moto ukakosa cha kuchoma, miche ya migunga ikapata nafasi ya kukua. Ukisema "uoto" mambo haya yote yanafichika.

Je, uandike "miti imeongezeka"? Umekaribia, ila msomaji atadhani imehesabiwa. Setilaiti za Landsat zimepiga picha tangu 1972, na kipande kimoja cha picha zao nyingi ni mita 30 kwa 30 ardhini. Migunga kadhaa huingia humo. Kinachokadiriwa ni ardhi iliyofunikwa na matawi. Wengine huandika "mfuniko wa miti". Mimi silipendi, kwa sababu mfuniko ni wa sufuria. Andika, "eneo lililofunikwa na miti limeongezeka."

Chunga pia asilimia. Tuseme miti ilifunika asilimia 10 ya eneo, sasa ni 15: mmoja ataandika ongezeko la asilimia 5, mwingine 50. Andika "kutoka asilimia 10 hadi 15 ya eneo lote", utata uishe.